Mtoto aliyeishi siku mbili aliumbwa kwa ajili gani?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni muuguzi katika wodi ya watoto wachanga. Mwezi uliopita tulipokea mtoto njiti. Akaishi siku mbili, akafariki alfajiri mikononi mwangu. Tulipokaa kunywa chai kabla ya kukabidhi zamu, kila mtu akasema lake. Sista, ambaye ni Mkatoliki, alisema Mungu alimpenda akamchukua. Daktari wetu ni Mhindu, akasema roho ile ina safari ndefu na hapa ilipita tu. Kijana wa maabara haamini dini yoyote. Yeye akasema maisha hayana maana ila ile unayojitengenezea mwenyewe. Bibi yake yule mtoto alikuwa nje kwenye benchi, akasema neno moja: "Alikuja kutusalimia." Mimi nikataka kuwasomea aya ya kuwa tumeumbwa ili tumuabudu Allah, nikashindwa. Mtoto yule hakupata hata kusujudu. Na mimi mwenyewe zamu nzima inaishia kwenye sindano na nepi, swala naiparamia. Je, hawa wote wanasema jambo moja kwa maneno tofauti? Na yule mtoto aliumbwa kwa ajili gani?

JAWABU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Pole sana, dada yangu. Kushindwa kwako kusoma aya sikuoni kuwa ni kosa. Aya haisomwi ili kumnyamazisha aliyefiwa, na asubuhi ile hata wewe ulikuwa umefiwa. Wala kuuliza tunaishi kwa nini si dalili ya imani kupungua. Imam Ghazali mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, mamia ya wanafunzi wamemzunguka, akashtuka kwamba huenda anafundisha kwa kutafuta jina. Jambo hilo likamkaba mpaka ulimi ukafunga, hawezi kutamka neno darasani, chakula hakishuki. Akaacha cheo, akaondoka mjini. Aliyetuhadithia hayo ni yeye mwenyewe.

Umeuliza kama wenzako wanasema jambo moja. Hapana. Na ukiwaambia kwamba wanasema jambo moja utakuwa umemnyang'anya kila mmoja neno lake.

Sista amefundishwa tangu utotoni kuwa Mungu alimuumba ili amjue, ampende, amtumikie, kisha afike kwake. Hapo tuna ujirani naye wa karibu. Tunaachana kwenye njia, kwa kuwa kwao njia inapita kwa Yesu, na mlango wake ni ubatizo. Ndiyo maana wanazuoni wao walihangaika karne nyingi na mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa. Wengi walimweka pembeni, mahali walipopaita limbo, pasipo adhabu na pasipo kumuona Mungu. Mwaka 2007 tume ya theolojia ya Vatikani ikatoa waraka kwamba ziko sababu za kutumaini kuwa watoto hao wanaokolewa. Kwa hiyo sista aliposema "Mungu alimpenda", usilichukulie kuwa ni neno la kupozea tu. Kanisa lake limelifikia kwa jasho.

Kuhusu daktari, Waislamu wa pwani tumekaa na Wahindu mlango kwa mlango na bado tunawasemea yasiyo yao. Tunasema hao wanatamani kuzaliwa tena na tena. Ni kinyume chake. Kwao kuzaliwa tena ndiyo taabu yenyewe, na lengo la juu kabisa la maisha ni kufunguka kutoka kwenye mzunguko huo, wanakoita moksha. Chini ya lengo hilo wanataja mengine matatu ambayo mtu anaruhusiwa kuyatafuta: dharma, yaani wajibu na uadilifu, artha, yaani mali, na kama, yaani starehe. Wao kwa wao hawajaafikiana juu ya huko mwisho. Shankara, mwanafalsafa wao wa kale, alifundisha kuwa roho inakuja kutambua kuwa ni kitu kimoja na ule Uhalisi wa juu. Ramanuja, mwanazuoni wao mwingine aliyekuja baadaye, akamkatalia, akasema roho hubaki roho, inampenda Mola wake. Kwa daktari, basi, siku mbili zile ni ukurasa wa kitabu kirefu. Hapa sisi tunasimama mbali naye. Kwetu mtoto yule alikuwa mpya kabisa. Hakuja na deni la maisha mengine, wala ugonjwa wake haukuwa malipo ya lolote. Mtume (s.a.w.) amesema kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, yaani umbile safi la asili.

Kijana wa maabara usimchukie; amekesha na wewe. Kauli yake si ngeni, Qur'ani imeinukuu katika Suratul Jaathiya: "Hapana ila huu uhai wetu wa duniani, twafa na twaishi, na hapana kinachotuhiliki isipokuwa dahari." Katika zama zetu aliyeipamba zaidi ni mwanafalsafa Mfaransa, Jean-Paul Sartre. Katika mhadhara aliotoa Paris mwaka 1945 alitoa mfano wa kisu cha kukatia karatasi: fundi anajua matumizi yake kabla hajakitengeneza, lakini mwanadamu, alisema, hana fundi, kwa hiyo anakuwepo kwanza kisha anajifanya atakavyo. Nampa haki yake: mtu wa namna hii mara nyingi hulichukua jukumu lake kwa uzito kuliko Mwislamu anayesema "imeandikwa" na kulala. Lakini swali lako linambana yeye kuliko wote. Ikiwa maana ni ile ninayojitengenezea, mtoto wa siku mbili hakupata muda wa kutengeneza chochote. Ukimuuliza nadhani atajibu kuwa maana ya mtoto iko kwa wale waliompenda. Akishasema hivyo, amekwenda kukaa benchi moja na bibi.

Na bibi, kwa maoni yangu, ndiye aliyesema kwa adabu zaidi asubuhi ile. Mwanatheolojia wa Kenya, John Mbiti, aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika husema: mimi nipo kwa kuwa sisi tupo. Bibi amelisema hilo kwa maneno mawili. Mgeni akibisha hodi na kuondoka kabla ya kahawa, bado alikuwa mgeni, alipokewa, na nyumba haiwezi kusema hakuja.

Sasa tujigeukie sisi. Kwenye mimbari tumezoea kusema dunia ni mtihani. Ni kweli, Suratul Mulk inasema Allah ameumba mauti na uhai ili atujaribu ni nani mwenye vitendo vizuri zaidi. Lakini tukisema hilo peke yake, basi asiyeingia kwenye chumba cha mtihani hana pa kuwekwa, na wewe ulilihisi hilo ukanyamaza. Wanazuoni wa zamani nao walilihisi. Aya uliyotaka kuisoma, ya Suratudh Dhaariyaat, inasema: "Nami sikuwaumba majini na watu ila waniabudu Mimi." Qurtubi katika tafsiri yake ananukuu kauli ya Qushayri kwamba aya hii bila shaka ina umahususi, kwa kuwa watoto na wendawazimu hawakuamrishwa ibada hata isemwe kuwa ibada ndiyo iliyotakiwa kwao. Kauli iliyopokewa kwa Ali (r.a.) ni kuwa maana yake ni: ila niwaamrishe waniabudu. Mujahid yeye akasema: ila wanijue. Unaona, karne nyingi zilizopita walikuwa wamekaa na swali lako la kwenye chai.

Kwa hiyo aya ile inamhusu mwenye akili na uwezo, kama wewe na mimi. Mtoto yule anahusika na aya nyingine, ya Suratul Israai: "Na hapana chochote ila kinamtakasa kwa sifa zake. Lakini nyinyi hamfahamu kutakasa kwake." Pumzi zile alizozivuta kwa tabu, mashine ikimsaidia, hazikuwa nje ya aya hiyo.

Ukitaka kujua sheria yetu inampa uzito gani, acha mawaidha, tazama fiqhi. Mtoto wa Kiislamu akitoa sauti moja tu baada ya kuzaliwa, kisha akafa, anaoshwa, anavishwa sanda na anasaliwa kama mzee wa miaka tisini. Anarithi na kurithiwa. Kama baba alifariki mtoto akiwa tumboni, fungu lake haliguswi na ami wala mjomba. Linakuwa lake, kisha linapita kwa warithi wake. Sauti moja inatosha kuwa mtu mwenye haki mbele ya kadhi.

Watu watakuambia pia hadithi ya wazazi wanaojengewa nyumba Peponi iitwayo Baytul Hamd kwa kumhimidi Allah mtoto wao alipochukuliwa. Tirmidhi ameipokea, na ni faraja kubwa kwa mama. Ila sipendi mtoto afanywe chombo cha thawabu za wengine, kana kwamba aliletwa kwa ajili hiyo tu. Yeye mwenyewe ana pake. Katika Bukhari, kwa Samura bin Jundub, Mtume (s.a.w.) alioneshwa bustani, na Nabii Ibrahim amezungukwa na watoto waliokufa juu ya fitra. Waislamu wakamuuliza: na watoto wa washirikina? Akasema: na watoto wa washirikina. Hukuniambia mtoto yule alikuwa wa dini gani, nami sikuona haja ya kuuliza.

Na huzuni yako isikutie wasiwasi. Mtume (s.a.w.) alimpakata mwanawe Ibrahim akikata roho, hajafika miaka miwili, machozi yakamtoka, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Hakuwaeleza masahaba kwa nini mtoto aliumbwa.

Imebaki sindano na nepi. Baada tu ya aya ile ya ibada inafuata: "Sitaki kwao riziki, wala sitaki wanilishe." Allah hana njaa ya rakaa zetu. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Siku ya Kiyama Allah atamwambia mja: niliumwa, hukuja kunitazama. Mja atasema: Mola wangu, nitakutazamaje na Wewe ndiye Mola wa viumbe wote? Ataambiwa: hukujua kuwa mja wangu fulani aliumwa? Ungekwenda kumtazama ungenikuta kwake. Wewe unakwenda kila siku. Tia nia mara moja unapovaa sare, inatosha.

Lakini nisikubembeleze mpaka ukaacha swala, kwa sababu kuwahudumia wagonjwa hakuifuti. Isha muda wake ni mpana, isali mapema usiku kabla wodi haijachangamka. Haiunganishwi na Alfajiri. Alfajiri ndiyo nyembamba, ingawa pwani kwetu tangu adhana hadi jua kuchomoza kuna zaidi ya saa moja, na rakaa mbili ni dakika chache. Mwombe mwenzako akushikie kitanda, hata yule kijana wa maabara. Ikitokea mtoto amekatika pumzi, mshughulikie yeye kwanza. Hata ukiwa ndani ya swala unaikata, kisha unaisali au kuilipa. Weka kanga safi kwenye mkoba ya kusalia, nguo ikiingia damu. Mkojo wa mtoto mchanga wa kiume ambaye hajala kitu ila maziwa, nyunyizia maji yaenee pale ulipogusa. Wa mtoto wa kike uoshe.

Wallahu aalam.