Usilipe hilo belo la jinzi kabla hujachomoa uzi

Usilipe! Kama umeshatoa advansi, nenda kaidai leo hii.

Belo la jinzi za mtumba gredi A, uzipaushe kwa jiki, ushone mikoba ya kuuzia watalii huku Paje, Zanzibar, halafu unatuuliza bei, cherehani na lebo? Mie nilipolisoma swali lako na kufika kwenye jiki nikatafuta maji ya kunywa.

Muuzaji kakwambia ni pamba tupu, siyo? Hata mie niliambiwa, tena kwa kiapo, na mtu aliyekuwa anajua fika anachouza. Jinzi nyingi za siku hizi, hasa za kike, zimetiwa elastani, ule uzi wa kuvutika. Asilimia 2 tu inakutosha kwa hasara, maana klorini ya jiki inaila. Nililoweka mzigo mzima uani, rangi ikatoka vizuri, nikajiona fundi wa Milano. Nikashona, nikapeleka dukani. Haukupita muda, mikoba ikalegea kama mkeka ulionyeshewa: midomo imepinda, mishipi imerefuka, mkoba unampiga mtu magotini. Mwenye duka akanirudishia yote kwa daladala, na konda akanidai nauli ya mzigo. Alhamdulillahi, ukoo wetu hautakosa vitambaa vya kushikia sufuria mpaka kiyama.

Na yule bingwa wa video za mtandaoni, anayefundisha mitindo rafiki wa mazingira huku kidumu cha jiki kiko mkononi, hakusema maji yale yamwagwe wapi. Huku mashariki mwa Unguja tumekaa juu ya jiwe la matumbawe, limejaa matundu. Umwagacho uani hakichelewi kufika kisimani. Sasa kwenye hiyo lebo utaandika 'rafiki wa mazingira'?

Tena kupausha kwenyewe hakuna haja. Nili, ile rangi ya buluu ya jinzi, hukaa nje ya uzi, ndani unabaki mweupe, ndiyo maana magoti na mapaja yanapauka yenyewe kwa kuvaliwa. Kata mikoba yako humo humo palipopauka. Akija wa kukushauri uzipige mchanga kwa mashine ili zipauke, mkimbie: Uturuki walipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009, wafanyakazi walikuwa wanaumia mapafu kwa vumbi lake.

Uzi kwanza, pesa baadaye. Pindua pindo, chomoa uzi mweupe, siyo wa buluu. Mvutiko kwa kawaida huwekwa kwenye nyuzi za mlalo, na hizo ndizo nyeupe. Uvute uuachie. Ukirudi na kujikunja, hiyo ni elastani, weka chini. Kisha choma: pamba inanuka karatasi iliyoungua na jivu lake ni laini, lakini ukibaki na kidonge kigumu, mna poliesta. Akisema belo halifunguliwi, basi na pochi yako haifunguliwi. Kachague moja moja sokoni Darajani au Mwanakwerekwe, hata kama kila moja itakugharimu zaidi.

Cherehani tutazungumza siku nyingine. Kwanza niambie, huyo muuzaji wako anaweka kalamu sikioni na kuapa kila baada ya sentensi? Nijibu kabla hujatoka nyumbani.