"Pamoja na Kiarabu": kwa wadogo zangu mnaoandika masharti ya printa

Juzi kijana wetu mpya kaniletea rasimu ya masharti ya printa za risiti za jetini Mokowe. Penye "herufi" kaorodhesha kodipeji (majedwali yanayoipa kila herufi namba yake) kumi na tisa, CP437, ile ya kompyuta za zamani za IBM, mbele, kisha kamalizia: "pamoja na Kiarabu." Nikacheka, halafu roho ikaniuma. Maneno hayo niliwahi kuyaandika mimi.

1. Daini UTF-8 peke yake, jedwali moja linalobeba herufi za hati zote; nyingine ziwe hiari. Walioandika IPP, kanuni za kuchapa kupitia mtandao, waliliamua hilo zamani. Orodha ndefu humpa muuzaji pa kujifichia tu. Kila kodipeji ina nafasi 256, na ukisahau kutuma ESC t, amri ya kuchagua kodipeji, printa hubaki ilipolala. Hata za Kiarabu hazilingani: ISO 8859-6 haina pe wala che, na Kiswahili cha hati ya Kiarabu bila hizo kitakwenda wapi? Windows-1256 inazo.

2. UTF-16, inayoandika herufi kwa baiti (namba ndogo za kompyuta) mbili-mbili, iacheni. Mtagombana baiti ipi itangulie hadi alfajiri.

3. Jaribuni kwa "ng'ombe" iliyoandikwa kwenye simu. Simu nyingine hupinda kile kikato ('), kikawa baiti tatu za UTF-8, E2 80 99, na printa iliyoganda kwenye CP437 itawachapia ngΓÇÖombe. Muuza nyama mmoja aliibandika risiti ya namna hiyo ukutani, na kila nikipita ananiuliza bei ya kilo.

4. Sasa aibu yangu. Tuliombwa printa ya risiti za michango ya Maulidi, majina yaandikwe kwa hati ya Kiarabu. Printa ikaja, nikaijaribu kwa neno moja, "ada", maana ndilo lililokuwa juu ya risiti. Alifu, dali, alifu. Likatoka safi, nikatia sahihi nikaenda kunywa chai. Litazameni neno lenyewe: hakuna herufi inayoshikana na inayoifuata, na ukilisoma kutoka kulia au kushoto ni lile lile. Katika maneno yote ya dunia nilichagua lisiloweza kunifichulia kitu.

Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, ukaingia. Siku ya tatu maalim akaniita barazani, risiti mkononi. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliweka kidole upande wa kulia akasoma taratibu, kama anayemfundisha mtoto wa chuoni: "Dali. Mimu. He. Mimu." Kila herufi imesimama peke yake, jina zima kinyumenyume. "Mwanangu, huyu ni nani?"

Alikuwa Muhammad. Nusu ya wachangiaji walikuwa akina Muhammad.

Printa haikuwa na kosa. Kila herufi iliipokea na kila herufi ilikuwa nayo. Ila kuziunganisha na kuzipanga kutoka kulia hakuna aliyeidai, kwa kuwa mimi niliandika "Kiarabu" nikadhani nimesema yote. Kusoma baiti ni jambo moja, kuwa na fonti, yaani maumbo ya herufi, ni la pili, kuunganisha na kugeuza mwelekeo ni la tatu. Yaandikeni mistari mitatu, kila mmoja na jaribio lake.

Na karatasi yenye jina la Mtume haitupwi jaani. Nilizunguka Mkomani na Langoni, mitaa ya Lamu, nyumba hadi nyumba, nikiomba risiti zirudi. Mama mmoja alinikaribisha kahawa kwanza, akitaka kisa kizima. Tukazichoma uani kwa maalim. Karatasi ya joto, ile ya risiti inayochapwa kwa joto bila wino, hugeuka nyeusi tii kabla ya kushika moto, basi majina yakafutika mbele ya macho yangu kabla sijaona mwali.

5. Herufi isipokuwepo kwenye fonti, printa itoe kijisanduku. Isiiruke kimya kimya.

Rasimu nimeirudisha na wino mwekundu. Kijana kauliza kama kuijaribu kwa neno moja fupi hakutoshi. Nimemwambia aje Jumamosi na printa yenyewe, na jina kamili la bibi yake, kwa hati ya Kiarabu, mpaka la babu wa tatu.