Rangi za Jesse Ventura na Kazi ya Maikrofoni: Kwa Vijana Wanaoanza Utangazaji wa Michezo Zanzibar

Tangu ndondi ziliporuhusiwa tena Zanzibar mwaka 2022, baada ya marufuku iliyodumu tangu miaka ya 1960, naona vijana wanaotaka kushika maikrofoni wanazidi kujitokeza, kwa kuwa pambano la ngumi halikamiliki bila mtu wa kuwaita mabondia ulingoni na mwengine wa kulisimulia. Wengi wao hufika wakiwa wameshajichagulia lakabu, miwani na mtindo wa kucheka, ila hawajajiuliza vitu hivyo vitawafanyia kazi gani. Kwao mimi hupenda kumtaja Jesse Ventura, mwanamieleka wa Marekani aliyestaafu zamani. Simtaji kwa ajili ya misuli yake. Namtaja kwa sababu katika maisha yake ya kazi inaonekana wazi ni wapi rangi na vituko vinamlisha mtu, na ni wapi vinawalisha wengine.

Alizaliwa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, tarehe 15 Julai 1951, akaitwa James George Janos. Alitumikia jeshi la majini katika kikosi cha wapiga mbizi, kisha mwaka 1975 akaingia katika mieleka ya kulipwa. Jina la Ventura alilipata kwenye ramani ya California, ambako kuna mji unaoitwa hivyo, na kijana huyu wa nchi ya theluji akajigeuza mtoto wa pwani: nywele za rangi ya dhahabu, skafu za manyoya shingoni, hereni, miwani mikubwa na mavazi ya kumeremeta. Hakuyabuni yote hayo mwenyewe, kwani mengi aliyaiga kwa Billy Graham, mwanamieleka aliyemtangulia aliyejulikana kwa lakabu ya Superstar, na hakuona haya kulisema hilo. Kuiga si aibu kwa anayeanza. La muhimu ni kwamba alijua anaiga kwa lengo gani, nalo lilikuwa kuwa adui, yaani yule ambaye watu hulipa kiingilio ili wamzomee.

Katika mieleka ya kulipwa mshindi hupangwa kabla ya watu kuingia ukumbini, na kwa sababu hiyo wapo wanaoidharau. Aliyekwenda Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa hawezi kuidharau kwa wepesi. Pale watu wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba huku wanawake wakipita wakiimba nyimbo za kejeli, kila mmoja anajua kwamba ni ada na wala si ugomvi, na bado bua likikufika mgongoni unaumia kweli. Ventura alifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka, na pamoja na mwenzake Adrian Adonis alishika mwaka 1980 ubingwa wa timu za wawili wa chama cha AWA. Ubingwa wenyewe waliupata bila kupigana, kwa kuwa mmoja wa mabingwa waliokuwepo hakutokea ulingoni mjini Denver. Adui hawezi kuandikiwa mwanzo mzuri zaidi ya huo.

Kwa hiyo, kabla hujanunua koti la kumetameta, amua kwanza litamwambia nini mtu aliyekaa mstari wa nyuma kabisa, asiyekusikia vizuri. Vazi la Ventura lilisema jambo moja tu: mimi najipenda kuliko ninavyokupendeni nyinyi. Vazi lisilosema kitu ni joto la bure, na kwa hali ya hewa ya kwetu hilo si jambo dogo.

Mwaka 1984, alipokuwa anatayarishwa kwa mapambano makubwa dhidi ya Hulk Hogan, bingwa aliyependwa mno na watazamaji, mabonge ya damu yaliingia kwenye mapafu yake na akalazwa hospitali. Baadaye alirudi ulingoni kwa muda mfupi, lakini safari yake ya kuwania ubingwa ilikuwa imekwisha. Wengi wa rika lake mwili ulipogoma walikuwa hawana kitu kingine cha kuuza. Yeye alihamia kwenye meza ya watangazaji, na tarehe 31 Machi 1985, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, akaketi pembeni ya mtangazaji Gorilla Monsoon kutangaza WrestleMania ya kwanza, onesho kubwa la mieleka la kila mwaka. Alizitangaza zote sita za mwanzo.

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu wasikilize kwa makini. Monsoon alisimulia kinachotokea na kuwatetea wema, na Ventura aliwatetea maadui. Adui akimvuta mpinzani wake nywele, Ventura alisema kwamba mwamuzi hakuona, na asichokiona mwamuzi hakikutokea. Hogan akikwaruza mgongo wa mtu, ni Ventura aliyeuliza kwa nini leo hakuna anayelalamika. Mara nyingi swali lake lilikuwa la haki, na msikilizaji alijikuta anakasirika kwa kuambiwa kweli na mtu asiyempenda. Katika utangazaji wa mieleka wakati ule sauti ya aina hiyo ilikuwa kitu kigeni, na tangu hapo imeigwa mara nyingi mno.

Watangazaji wetu wawili wakikaa pamoja, aghalabu husema kitu kimoja mara mbili. Wa kwanza anasema mpira umetoka, wa pili anathibitisha kwamba kweli umetoka. Mtangazaji wa pili asiye na upande, asiye na hoja na asiye na swali la kumrushia mwenzake hana haja ya kuwepo, na ni bora nafasi yake apewe fundi mitambo. Mwenye kutaka mazoezi ya bure aende Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, anunue kahawa na akae kimya. Asikilize wazee wanavyobishana kuhusu mpira, kisha atazame ni mbishi gani anayewafanya wapita njia wasimame. Mara nyingi ni yule mwenye upande usiopendwa, anayeutetea kwa hoja bila kupandisha sauti, na anayejua lini anyamaze ili amwachie mwenzake nafasi ya kukasirika.

Lakini mtindo huu una mpaka wake, na kwetu mpaka huo uko karibu zaidi kuliko Marekani. Hogan alikuwa mshirika katika mchezo, na kejeli za Ventura zilimwongezea thamani. Golikipa wa Uwanja wa Gombani, kule Pemba, hakukubaliana na mtu yeyote kwamba atakejeliwa. Tena visiwa hivi ni vidogo: mchezaji uliyemdhihaki redioni saa kumi jioni utakutana naye msikitini magharibi, na huenda mama yake na mama yako wamo katika kikundi kimoja cha hisa. Upande wa adui ushike katika hoja, kwa mfano katika kuulizia mbinu za kocha anayependwa au katika kuitetea timu ngeni inayozomewa kwenye Kombe la Mapinduzi. Mwili wa mtu, ukoo wake na kisiwa anachotoka viache.

Ya filamu na siasa nayapita haraka, maana ndiyo yanayosimuliwa zaidi na ndiyo yenye faida ndogo kwa anayeanza. Mwaka 1987 alicheza katika filamu ya Predator pamoja na Arnold Schwarzenegger. Kuanzia 1991 hadi 1995 alikuwa meya wa mji wa Brooklyn Park, huko huko Minnesota, na mwaka 1998 akachaguliwa gavana wa Minnesota kwa tiketi ya chama kidogo, kwa asilimia 37 ya kura, akiwashinda wagombea wa vyama vyote viwili vikubwa. Alitumikia kipindi kimoja, hadi Januari 2003. Sauti iliyozoeleka masikioni mwa watu ilimsaidia, bila shaka, ila simshauri kijana aingie kwenye utangazaji kwa kutamani ubunge.

Linalowapasa kulisoma kwa utulivu ni suala la malipo. Miaka ile maonesho ya mieleka yaliuzwa katika kanda za video, na sauti ya Ventura ilikuwamo ndani yake. Alipotaka mrabaha, yaani fungu lake katika mauzo, wakala wake aliambiwa kwamba kampuni hailipi mrabaha ila kwa kanda inayomhusu mwanamieleka mmoja peke yake. Maelezo hayo hayakuwa ya kweli, kwani wapo waliokuwa wakilipwa, na kwa kuyaamini alitia saini akidhani haki hiyo haipo. Baada ya kuondoka mwaka 1990 aliishitaki Titan Sports, kampuni iliyokuwa ikiimiliki WWF, chama cha mieleka alichokitangazia, na mwaka 1994 akashinda zaidi ya dola 800,000. Mahakama ya rufaa iliuthibitisha ushindi huo mwaka 1995.

Kabla ya hapo, mwaka 1986, alikuwa amewashauri wenzake waunde chama cha wafanyakazi, na taarifa zikamfikia mkuu wa kampuni, Vince McMahon. Wakati wa kesi ya mrabaha McMahon aliulizwa chini ya kiapo nani aliyempa habari, akamtaja Hogan. Chama hakikuundwa. Ninyi mnaofanya kazi za harusini na viwanjani mnajuana kwa majina, na hakuna anayekuzuieni kukubaliana bei ya chini ambayo hapana atakayeishuka.

Kanda za video zimekwisha, ila biashara ni ile ile. Usimulizi wako wa pambano la usiku mmoja unaweza kukatwa vipande vya dakika moja moja, ukapandishwa mitandaoni na ukaleta matangazo kwa miaka, wakati wewe ulipewa nauli na posho ya siku. Kwa hiyo ukiitwa, uliza kabla ya kuvaa hilo koti: nani anarekodi, rekodi itatumika wapi na kwa muda gani, na ikiuzwa tena fungu lako ni lipi. Ukiambiwa kwamba hakuna anayelipwa kitu kama hicho, muombe aliyesema akuandikie maneno hayo katika barua, utaona atakavyobadilisha lugha. Usipofahamu kifungu, kipeleke COSOZA, chombo kinachoshughulikia hakimiliki hapa Zanzibar, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Na katika mkataba yaandikwe majina yote mawili, la ulingoni unalotambiwa nalo na lile lililomo katika kitambulisho chako cha Mzanzibari, kwa sababu benki haiijui lakabu yako.