Mia Tano ya Uji: Namna ya Kupanga Bei ya Bidhaa Yenye Mchango Ndani Yake

Ninasaga na kuuza siagi ya karanga hapa Moshi, na kwa kila kopo la gramu 400 linalonunuliwa, shilingi 500 huenda kununua unga wa uji wa wanafunzi wa shule ya msingi iliyo jirani na nyumbani. Wajasiriamali wenzangu wanaotengeneza sabuni, asali na mikoba ya vitenge wameniuliza namna ya kufanya jambo hili, na karibu wote huanza kwa kuuliza watoe kiasi gani. Kwa yaliyonikuta, swali linalotangulia ni kujua fedha hiyo itatoka mfukoni mwa nani, kwa sababu nililiruka swali hilo na likanirudia kwa njia ya aibu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Karanga za kopo moja zilinigharimu shilingi 2,000, kopo na kifuniko chake 700, lebo 150, gesi na umeme wa kusagia 300, usafiri 150, na ujira wa kijana anayenisaidia 600. Jumla ilikuwa 3,900. Niliwauzia wenye maduka kwa 4,800, nikabaki na 900. Wao waliongeza robo ya bei hiyo, na mteja akalipa 6,000. Nilipoamua kuchangia uji, niliongeza 500 kwenye bei ninayowauzia wenye maduka, nikaandika kwenye lebo kwamba kopo hili linachangia shilingi 500, nikaona kazi imekwisha.

Wiki chache baadaye mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, alinisimamisha nje ya duka mjini akiwa na kopo mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole: “Mwanangu, kopo hili nililinunua kwa elfu sita, leo nimelipa elfu saba. Lebo inasema mia tano ni ya watoto. Mia tano nyingine ni ya nani?” Sikuwa na jibu. Nilipoingia ndani kuuliza ndipo nilipoelewa: mwenye duka alichukua 5,300 yangu, akaongeza robo yake kama kawaida, ikawa 6,625, halafu akaipandisha hadi 7,000 ili asihangaike na chenji. Hakufanya kosa lolote, maana ndivyo anavyopanga bei ya kila kitu dukani mwake. Kosa lilikuwa langu, kwa kuingiza mchango mahali ambapo faida ya mtu mwingine ilikuwa inapigwa juu yake.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza na mzito kuliko yote ni kwamba mchango usimame peke yake, nje ya bei inayopigiwa faida. Niliwapitia wenye maduka mmoja mmoja, tukakubaliana kwamba faida yao ibaki 1,200 ileile, ile 500 ipite mikononi mwao bila kuguswa, na bei ya 6,500 ichapishwe kwenye lebo. Utaratibu huu si mgeni Kilimanjaro. Katika Fairtrade, yaani mfumo wa biashara ya haki kwa wakulima, ambao wakulima wa kahawa wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, wanaufahamu, fedha ya maendeleo ya wakulima ni senti 20 za dola kwa kila ratili ya kahawa, nayo huhesabiwa mbali na bei ya kahawa yenyewe.

Kodi nayo ina tabia kama ile ya faida ya dukani. Ukishasajiliwa kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hapa Bara mauzo yake ya kufikia usajili ni shilingi milioni 200 kwa mwaka, mchango uliomo ndani ya bei ya bidhaa inayotozwa kodi utahesabiwa kama sehemu ya bei. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, katika kila 500 unayoiita ya watoto takribani 76 ni ya Serikali, nawe utalazimika kuifidia. Mimi bado sijafika huko, lakini anayekaribia aipige hesabu hiyo mapema.

Wapo wanaoona ni heri mfanyabiashara abebe mchango wote bila kumwongezea mteja kitu. American Express ilifanya hivyo Marekani mwaka 1983: ilitoa senti moja kila kadi yake ilipotumika, na dola moja kwa kila kadi mpya, kwa ajili ya kukarabati Sanamu ya Uhuru. Ni njia safi, na kama faida yako inaruhusu, ifuate. Kwangu, 500 ikitoka kwenye 900 ninabaki na 400, na kwa kuwa kopo moja hula nusu kilo ya karanga, zikipanda kwa shilingi 500 tu kwa kilo, jambo la kawaida kabla ya mavuno ya Dodoma na Singida, ninabaki na 150. Hapo nisingeweza kuendelea kwa muda mrefu, na shule ingebaki na sufuria tupu.

Usiahidi asilimia ya faida. Mnunuzi hana namna ya kuijua faida yako, na mwezi wa hasara watoto hawapati kitu.

Jihadhari pia na mali kauli, yaani kutoa mzigo ukalipwa baada ya kuuzwa. Duka moja lilichukua makopo 60, likayauza yote, likachelewa mno kunilipa. Wateja walikuwa wameshatoa fedha zao wakiamini lebo, kwa hiyo 30,000 ya uji niliitoa kwenye mtaji. Siku hizi anayetaka mzigo kwa mali kauli hutanguliza ile mia tano ya kila kopo, nami huiweka kwenye akaunti ya pembeni jioni ileile.

Jambo la mwisho ni lebo za zamani. Ukipunguza mchango au ukiusitisha, makopo yaliyoko madukani bado yana ahadi yako. Nilipobadilisha lebo, nilizunguka maduka yote na daftari, nikahesabu makopo 38 yenye maandishi ya awali, na nikaendelea kuyalipia mchango wake hadi lilipouzwa la mwisho.