Barua kwa mwanangu: S2 hawanyamazi, nifanyeje?

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema wanafunzi wako wa S2, yaani kidato cha pili, hawanyamazi kwenye somo lako la Kiswahili, ukigeuka tu kuandika ubaoni wanapiga miluzi, wengine wanakwambia usoni eti Kiswahili ni lugha ya wanajeshi haiwahusu, na mwalimu mmoja wa hapo kakushauri uingie na fimbo wiki moja tu utaona watakavyokuheshimu. Unauliza kama ni kweli.

Si kweli, fimbo usiishike. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa 2016 imekataza viboko shuleni hapa Uganda, na wewe bado uko kwenye mazoezi ya ualimu, ukimuumiza mtoto wa watu huyo aliyekushauri hutamwona. Lakini hata sheria isingekuwepo ningekwambia hivyo hivyo. Mimi UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilinikuta nikifundisha 1997, watoto walijaa mpaka wengine wanakaa sakafuni, na walimu wenzangu waliochapa kila siku walipata kimya wakiwepo tu, wakitoka mlangoni darasa linageuka soko. Watoto waliogopa fimbo, mwalimu mwenyewe hawamjali.

Anza na majina mama. Chora madawati kwenye karatasi, izungushe kila mtu aandike jina lake pale alipokaa, usiku kaa nayo ukariri. Ukisema "nyinyi wa nyuma nyamazeni" hakuna aliyeambiwa, wanacheka wote, ila ukimtaja mtu kwa jina, sauti ya kawaida tu, halafu ukaendelea na somo, huyo anajua umemwona na jirani yake pia anajua zamu yake iko karibu.

Na usishindane nao kwa sauti, utakauka koo bure. Simama, subiri, wakitulia ndio uanze, siku ya kwanza utasubiri sana lakini vumilia. Ubao nao usiupe uso muda mrefu, andika kabla hawajaingia au mpe mwanafunzi chaki aandike wewe ukitembea katikati ya madawati, miluzi inataka mgongo wako. Yule kinara wao usimgombeze mbele ya wenzake maana pale lazima akujibu, mwite kipindi kikiisha, muulize kwa upole kinachomsumbua, umsikilize kweli, halafu mpe kazi ya kukusanya madaftari. Usitishie kumpeleka kwa hedimasta kama huendi, siku ukitamka basi nenda.

Hilo la wanajeshi usilikasirikie. Wazee wao miaka ya Amin walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kwa mtu mwenye bunduki, na chuki hiyo imeshuka hadi kwa watoto. Waambie ukweli huo, wataona huwafichi kitu. Kisha waulize nani ana ndugu anayefanya biashara kule mpakani Busia au Malaba, nani ana mjomba dereva wa malori ya Mombasa, mikono itanyooka, waambie waigize mjomba anavyopatana bei au anavyouliza njia, somo lianzie hapo. Serikali ilipitisha 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima lakini hiyo pekee haimfanyi mtoto akipende, hiyo kazi ni yako na naamini unaiweza.

Nauli nimekutumia kwa simu. Ijumaa niandikie yule wa miluzi ameipokeaje kazi ya madaftari.

Mama yako