Paka amelamba kahawa: nimpe maziwa?

SWALI: Paka wangu ana kilo 3. Usiku amerarua kipakiti cha kahawa ya unga jikoni, nimemkuta unga umemganda puani. Jirani anasema nimpe maziwa atapike. Nifanyeje? – Msomaji, Tabata

JIBU: Maziwa hayaizuii kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, yaache. Wala usimtapishe mwenyewe. Maji ya chumvi humzidishia sodiamu hadi ubongo ukadhurika, na haidrojeni peroksaidi, ambayo wengine huwapa mbwa, humchubua paka tumbo likavuja damu. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao si mkaa wa dawa, ule wa kunasa sumu tumboni, hausaidii.

Anza kumfuta kwa kitambaa kibichi: pua, masharubu, nyayo. Paka hujilamba, na unga uliobaki kwenye manyoya ataumeza wote. Kisha kadiria alichokula. Kipakiti cha gramu 2 huwa na kafeini miligramu 60 hivi, na dalili huanza kwenye miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili. Kwa paka wako, kipakiti kimoja tu kinatosha kumwangusha kwenye shida. Kama kimeisha, au hujui kiasi, mpigie daktari wa mifugo sasa hivi na mweleze uzito, kiasi na saa.

Dalili hutokea kati ya nusu saa na saa 2, kwa hiyo utulivu wa dakika 20 za kwanza usikudanganye. Atazungukazunguka bila kutulia, atatapika, atahema mdomo wazi, moyo utakwenda mbio. Ikizidi, hutetemeka na kupata degedege. Kafeini hupandisha joto la mwili, na kwa joto la Dar hilo ni hatari kubwa: msafirishe kwenye tenga lenye matundu, ndani ya bajaji, usimfungie ndani ya gari lililosimama juani. Chukua na kile kipakiti.

Hakuna dawa inayoifuta kafeini yenyewe. Daktari humtapisha kwa sindano kama muda haujapita, humpa mkaa wa dawa, dripu na dawa ya kutuliza mitetemo. Huenda akamwekea mrija wa mkojo, kwa sababu kafeini iliyofika kwenye kibofu hunyonywa tena ikarudi kwenye damu.

Kama kilichomezwa ni kidonge cha maumivu, mambo ni tofauti kabisa. Panadol Extra, kwa mfano, ina kafeini miligramu 65 lakini pia paracetamol miligramu 500, na ini la paka haliwezi kuivunja paracetamol. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Ufizi hugeuka kahawia, uso na nyayo huvimba. Usisubiri uyaone hayo. Mkimbize akapate asetilisisteini, dawa ya kupambana na sumu ya paracetamol, na inavyowahi ndivyo inavyookoa.

SWALI: Kinywaji cha kuongeza nguvu kimemwagika sakafuni, paka amelamba kidogo. Nihofu? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Soma kopo. Vingi vina kafeini miligramu 32 kwa mililita 100, hivyo paka wa kilo 4 angelazimika kunywa mililita 250 ndipo afikie miligramu 20 kwa kilo. Kulamba mara chache hakumdhuru: mpe maji safi, mwangalie kwa muda wa saa 4. Mtoto wa paka wa nusu kilo ni habari nyingine, kwake vijiko viwili vya chakula vinatosha kuleta dalili. Na machicha ya kahawa usiyatupe kwenye ndoo isiyo na mfuniko, bado yana kafeini.