Ameitwa mahakamani Uingereza: je, mwanangu bado ni Mtanzania?

SWALI: Ndugu mshauri wa sheria, mwanangu wa kwanza anaishi Leicester, Uingereza, kwa mwaka wa nane sasa, na kazi yake ni kuhudumia wazee. Hivi karibuni amepokea barua inayomtaka afike mahakamani kuwa mmoja wa wazee wa baraza katika kesi za jinai. Ndugu zangu wanasema mgeni hawezi kupewa kazi hiyo, hivyo lazima amechukua uraia wa huko akatuficha. Kwa hofu, nimemshauri ajibu kwamba hajui Kiingereza vizuri ili aachwe, hasa kwa kuwa tarehe aliyopangiwa inagongana na harusi ya mdogo wake. Je, nimemshauri vyema? Na akienda, ndiye atakayehukumu watu?
Mama mzazi, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Shikamoo mama. Barua hiyo haithibitishi kwamba mwanao amebadilisha uraia, na ninawaomba ndugu zako wasimtuhumu kwa sababu hiyo. Katika England na Wales, sheria ya mwaka 1974 inayohusu wazee wa baraza haidai uraia. Inamtaka mtu awe na umri wa miaka 18 hadi 75, awe ameishi nchini humo miaka isiyopungua mitano tangu afikishe miaka 13, na awe katika daftari la wapiga kura. Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, na raia wa nchi za Jumuiya hiyo mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza anaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura. Majina huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka daftari hilo. Sheria yetu humwondolea uraia mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, lakini kukaa mahakamani si kuchukua uraia. Hata kiapo atakachokula, kwa Msahafu, kwa Biblia au kwa tamko lisilo la kidini, ni cha kutoa uamuzi wa kweli kulingana na ushahidi, wala si cha utii kwa taifa lile.

Kuhusu ushauri uliompa, mama, ninakusihi uufute leo. Kutoa maelezo ya uongo ili kukwepa wajibu huo ni kosa la jinai, na asiyefika bila sababu anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Mtu anayeishi kwa kibali hana haja ya kujitafutia doa la namna hiyo.

Hatahukumu peke yake. Watakuwa 12, nao huamua jambo moja tu, yaani kama mshtakiwa ana hatia au hana. Adhabu ni kazi ya jaji. Hapa ndipo wanapotofautiana na wazee wa baraza wa Mahakama Kuu yetu, ambao pale wanapoketi na jaji hutoa maoni mmoja mmoja mbele ya mahakama, naye jaji hafungwi nayo. Kule hujifungia chumbani wakajadiliana, na kwanza hutakiwa wakubaliane wote. Wakishindwa baada ya muda, jaji anaweza kukubali uamuzi wa watu 10. Uamuzi wao wa kumwachia mshtakiwa jaji hawezi kuutengua, na uhuru huo una mizizi katika kesi ya Bushel ya mwaka 1670, ilipoamuliwa kwamba wajumbe wasiadhibiwe kwa uamuzi waliotoa.

Kwa hiyo akipiga simu jioni, usimuulize kesi inaendaje wala usimpe maoni yako, maana haruhusiwi kuizungumzia na mtu wa nje, wala kumtafuta mshtakiwa kwenye intaneti. Yaliyosemwa chumbani haruhusiwi kuyasimulia hata kesi ikiisha, na anayekiuka anaweza kufungwa. Nyamaza naye, mama. Huko ndiko kumsaidia kwa kweli.

Mshahara hatalipwa na mahakama, ila atarudishiwa nauli na kufidiwa sehemu ya kipato atakachokosa, na mwajiri wake analazimika kumpa ruhusa. Kwa kawaida huduma hiyo huchukua siku 10 za kazi, ingawa kesi nyingine huzidi.

Harusi nayo ina njia halali. Anatakiwa kujibu barua hiyo ndani ya siku saba, na katika jibu lake anaweza kueleza ukweli kuhusu safari na kuomba asogezewe tarehe mara moja, ndani ya miezi 12, akitaja siku ambazo hatakuwepo. Kama tayari amekata tiketi, aambatanishe nakala yake.